Sura ya Sita: Bakteria Wanaojua Uvimbe Ulipo

Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, Malmgren na Flanigan, waliwadunga panya mbegu za bakteria wa pepopunda kwenye mishipa ya damu. Panya wazima hawakudhurika. Waliendelea kula na kukimbizana. Panya waliokuwa na uvimbe wa saratani walikakamaa misuli, wakafa kwa pepopunda.

Ukijua tabia ya bakteria huyu, hakuna uchawi hapo. Hawezi kukua penye oksijeni. Mbegu zake hulala udongoni miaka na miaka zikingoja kidonda kirefu kisichoingiza hewa, ndiyo maana mtu aliyekanyaga msumari hukimbizwa kuchomwa sindano. Ndani ya panya mzima damu hupeleka oksijeni kila pembe, kwa hiyo mbegu zilizunguka mwilini bila kupata pa kuota. Uvimbe una mazingira yake. Seli zake huongezeka haraka kuliko mishipa ya damu inayozilisha, na katikati yake hubaki nyama iliyokosa hewa, nyingine imekwisha kufa, ambako hata chembe nyeupe za damu hufika kwa shida. Mbegu zilipotua hapo ziliota, zikazaana na kumwaga sumu.

Kwa hiyo bakteria walikuwa wamewapima panya, na majibu yao yalikuwa sahihi. Ubaya ni kwamba majibu yalitolewa kwa kifo. Kazi nyingi nitakazozieleza katika sura hii ni juhudi za kupata majibu ya namna hiyo bila kumdhuru anayepimwa: kumtazama bakteria, au alama aliyoiacha, na kutoka hapo kujua kama kuna saratani na iko wapi. Msimamo wangu nautoa mapema. Katika uwanja huu uliojaa ahadi kubwa, alama zilizowafaa wagonjwa mpaka leo ni zile za kawaida tu, zinazojibu swali moja, na ambazo sababu yake mwilini inaelezeka.

Alama kongwe kuliko zote ilianzia kwenye moyo. Mwaka 1951 madaktari McCoy na Mason wa jimbo la Alabama waliandika habari za mgonjwa aliyekuwa na maambukizi kwenye vali ya moyo na papo hapo saratani ya utumbo mpana. Magonjwa mawili kwa mtu mmoja, hasa mtu mzima, si jambo la kushangaza, na ripoti ile haikuzua gumzo. Lakini wagonjwa wa aina hiyo waliendelea kujitokeza, na mara nyingi bakteria aliyeota maabara kutoka kwenye damu yao alikuwa yuleyule: Streptococcus bovis. Mwaka 1977 Roger Klein na wenzake waliamua kumtafuta kwenye choo chenyewe. Kati ya watu 105 wasio na saratani, walimkuta kwa 11. Kati ya wagonjwa 63 wa saratani ya utumbo mpana, walimkuta kwa 35, yaani asilimia 56.

Baadaye ilionekana kwamba jina bovis lilikuwa limefunika bakteria wa aina kadhaa. Anayeambatana zaidi na saratani leo anaitwa Streptococcus gallolyticus, jina alilopewa mwaka 1995 baada ya watafiti kumkuta kwenye kinyesi cha koala, yule mnyama wa Australia anayekula majani ya mkalitusi. Majani hayo yana tanini nyingi, na bakteria huyu anaweza kuivunjavunja. Nani angedhani kwamba kinyesi cha koala kingetoa jina ambalo daktari wa moyo hulisoma na kumpigia simu mwenzake wa utumbo?

Na humpigia kweli. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya mwaka 2015 ilisema mgonjwa ambaye damu yake imeota bakteria huyu achunguzwe utumbo mpana kwa kamera, kipimo kiitwacho kolonoskopi. Kama hakuna kilichoonekana, ilishauri kipimo kirudiwe kila mwaka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini bakteria huyu hujaa penye saratani. Je, ndiye anayeileta, au saratani ndiyo inayomkaribisha? Mwaka 2018 kundi la Taasisi ya Pasteur mjini Paris lilitoa jibu la upande mmoja, kutokana na kazi waliyoifanya kwa panya. Utumbo ulioanza kugeuka kuwa na saratani hubadilisha namna unavyofyonza chumvi za nyongo, na chumvi hizo huzidi ndani ya utumbo. Streptococcus gallolyticus hutengeneza sumu ndogo ya kuua bakteria jirani, na chumvi za nyongo huipa sumu hiyo makali. Majirani wakifa, yeye hutanua eneo lake. Yaani uvimbe humfanyia hisani. Kazi nyingine zinaonyesha kwamba naye akishakaa huchochea seli za saratani ziongezeke. Kwa daktari anayetaka kujua kama mgonjwa wake ana uvimbe, ubishi huo unaweza kusubiri. Bakteria yupo, basi utumbo utazamwe.

Bakteria wa pili alipata umaarufu kwa njia nyingine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2011 makundi mawili ambayo hayakuwa yakishirikiana, moja la Robert Holt huko Vancouver, Kanada, na jingine la Matthew Meyerson huko Boston, yalitangaza jambo lilelile. Walikuwa wamesoma vinasaba vyote vilivyomo katika vipande vya uvimbe wa utumbo mpana, wakaondoa vya binadamu, wakatazama kilichobaki. Kilichojaa ni Fusobacterium nucleatum.

Madaktari wa meno wanamjua huyu vizuri. Makao yake ni kinywani, kwenye utando unaoganda kwenye meno na kwenye fizi zinazotoka damu. Kumkuta ndani ya saratani iliyo upande wa pili wa mfereji wa chakula kulizua swali la njia aliyopita. Jibu moja lilitoka Jerusalem mwaka 2016: bakteria huyu ana protini iitwayo Fap2 inayonasa aina ya sukari iliyotapakaa kwa wingi juu ya seli za saratani ya utumbo mpana, na alipodungwa kwenye damu ya panya alikwenda kujikusanya kwenye uvimbe. Kwa hiyo huenda fizi inayotoka damu inatosha kumpa usafiri. Njia ya tumboni nayo haijafungwa. Mwaka 2024 watafiti wa Kituo cha Saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, walionyesha kwamba si kila Fusobacterium yumo katika jambo hili. Kuna tawi moja, walilolipa jina la Fna C2, lenye uwezo wa kuvumilia asidi ya tumbo, na ndilo walilolikuta katika karibu nusu ya vipande vya uvimbe walivyovichunguza.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, Susan Bullman na wenzake walikuwa wamegundua kwamba saratani inaposambaa kutoka utumbo mpana hadi kwenye ini, Fusobacterium husafiri nayo. Walipandikiza uvimbe wa binadamu kwa panya, wakawapa panya metronidazole, ile dawa ambayo wengi wetu tunaiita Flagyl, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Naomba msomaji asikimbilie dukani. Panya si mtu, na dawa hiyo huua pia bakteria wengi tunaowahitaji.

Je, Fusobacterium anaweza kutumika kumpima mtu asiye na dalili? Kipimo rahisi cha saratani ya utumbo mpana hutafuta damu iliyofichika kwenye choo. Ni cha bei nafuu, lakini hukosa kama robo ya saratani zilizopo. Mwaka 2017 watafiti wa Hong Kong waliongeza kipimo cha Fusobacterium kwenye sampuli zilezile, na uwezo wa kunasa saratani ukapanda kutoka asilimia 73 hadi 92. Ni habari njema, ila ina gharama yake. Kila unapotanua wavu unanasa pia wasiohusika. Tuseme unapima watu 1,000 ambao kati yao 5 wana saratani, na kipimo chako huwaambia kimakosa watu 7 katika kila 100 wazima kwamba wana dalili. Utawapata 4 au wote 5, lakini utawapeleka kwenye kolonoskopi watu wengine wapatao 70 ambao hawana kitu. Kama nchi ina mashine na wataalamu wa kutosha, hilo linavumilika. Kama mashine ziko katika miji miwili mitatu, hao 70 watasimama kwenye foleni mbele ya mtu anayetoka damu tayari.

Mwaka 2019 kundi la Heidelberg, Ujerumani, lilikusanya tafiti 8 kutoka nchi mbalimbali, sampuli 768 za choo, likakuta spishi 29 za bakteria zinazoongezeka kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana kila unakokwenda. Wakati huohuo kundi la Italia lilifikia matokeo yanayoshabihiana. Wengi kati ya bakteria hao ni wa kinywani. Kazi hizi mbili zilikuwa makini, na zilifanya matumaini ya watu yapande. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo.

Machi 2020 jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Walikuwa wamepekua data za vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 10,000 wa saratani za aina 33, wakitafuta chembechembe za bakteria na virusi. Walidai kwamba kila saratani ina mchanganyiko wake wa vijidudu, hata ile ya ubongo, na kwamba programu ya kompyuta inaweza kuzitenganisha karibu bila kukosea. Zaidi ya hayo, walisema alama hizo zinaonekana kwenye damu. Tone la damu, na saratani inajulikana jina lake! Makala hiyo ilinukuliwa mamia ya mara, tafiti nyingine zilijengwa juu ya data zake, na kampuni ilikuwa imeanzishwa.

Mwaka 2023 Abraham Gihawi wa Uingereza, Steven Salzberg wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walirudi kwenye data ghafi wakaanza upya. Walikuta matatizo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye orodha ya kulinganishia. Ili kujua kipande cha kinasaba ni cha nani, kompyuta hukilinganisha na hazina ya vinasaba vya viumbe vinavyojulikana. Katika hazina hiyo, vinasaba vya bakteria wengi viliingizwa vikiwa vimechanganyika na vipande vya vinasaba vya binadamu, pengine vilivyodondoka kutoka kwa watu wa maabara wenyewe. Kwa hiyo kipande cha binadamu kilichoponyoka kwenye chujio kilihesabiwa kuwa ni bakteria, tena mara mamilioni.

La pili ni baya zaidi. Ili kusawazisha tofauti za maabara na mashine, watafiti walizipitisha namba zao kwenye hesabu ya marekebisho. Hesabu hiyo ilichukua mahali palipokuwa na sifuri na kuweka namba ndogo, na namba hizo zilitofautiana kulingana na aina ya saratani. Programu ya kompyuta ikajifunza kusoma alama zilizotiwa na hesabu yenyewe. Hivi ndivyo kirusi kinachoambukiza kamba wa baharini kilivyotokea kuwa kiashiria muhimu cha saratani ya tezi iliyo juu ya figo, ilhali katika data ghafi hakikuonekana. Kamba, jamani. Nadhani mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Malindi angeuliza swali ambalo wasomaji wa kwanza wa makala hiyo hawakuuliza.

Waandishi walitetea kazi yao, lakini Juni 2024 Nature iliiondoa makala hiyo rasmi. Onyo lilikuwapo muda mrefu. Mwaka 2014 Susannah Salter na wenzake walionyesha kwamba hata kemikali za kupimia vinasaba huja kiwandani zikiwa na bakteria wake, na kwamba sampuli yenye vijidudu vichache, kama damu, inaweza kutoa majibu yanayohusu chupa ya kemikali badala ya mgonjwa. Utumbo mpana una bakteria wasiohesabika, hivyo uchafu kidogo haubadilishi picha. Damu karibu haina bakteria kabisa. Tofauti hiyo nayo inasaidia kueleza kwa nini alama za chooni zimesimama na za damuni zimeanguka.

Kuna njia nyingine ninayoiona ina heshima zaidi, nayo ni kutafuta jeraha aliloacha bakteria hata kama yeye mwenyewe amekwisha ondoka. Baadhi ya E. koli wa utumboni hutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, iliyoelezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2006, ambayo huharibu vinasaba vya seli. Mwaka 2020 maabara ya Hans Clevers huko Utrecht, Uholanzi, iliotesha vitumbo vidogo vya binadamu kwenye vyombo, ikaviweka pamoja na E. koli hao kwa miezi kadhaa, kisha ikasoma makovu yaliyobaki kwenye vinasaba. Makovu hayo yana mpangilio wake, na mpangilio huohuo ukapatikana katika saratani za watu halisi. Mwaka 2025 utafiti wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11 uligundua kwamba makovu ya kolibaktini yalikuwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70. Inaelekea jeraha hilo hutokea utotoni. Hiki bado si kipimo cha hospitali. Lakini kinaanza kutoa fununu kuhusu swali linalowasumbua madaktari, la kwa nini vijana wanazidi kupata saratani ya utumbo mpana katika nchi nyingi.

Wapo pia wanaotaka kuwafunza bakteria kazi. Mwaka 2015 Tal Danino na wenzake waliwanywesha panya E. koli Nissle, bakteria asiye na madhara aliyepatikana mwaka 1917 kwa askari wa Kijerumani ambaye hakupata ugonjwa wa kuhara uliowakumba wenzake vitani. Walikuwa wamembadilisha ili, akizaana kwenye uvimbe wa ini, achochee kemikali itakayoonekana kwenye mkojo. Mwaka 2023 kundi jingine lilimtumia Acinetobacter baylyi, ambaye kwa asili hudaka vinasaba vinavyoelea karibu naye, likamtengeneza atambue kinasaba cha KRAS chenye kasoro ya saratani. Yote mawili yalifanikiwa kwa panya. Ni panya wa 1955 waliorekebishwa: bakteria anatafuta uvimbe, na safari hii haui.

Nikirudi Afrika Mashariki, naona mambo mawili yanayopaswa kusemwa wazi. Kwanza, vipimo vya choo nilivyovieleza vilijengwa kwa kuwalinganisha wagonjwa na watu wazima wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Utumbo wa mzima wa Heidelberg haufanani na wa kila mtu. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ulikuta bakteria ambao kwa Wazungu ni nadra, na ukawakosa wengine ambao Ulaya huhesabiwa kuwa dalili ya afya njema. Kipimo kisichopimwa kwanza kwa watu wa hapa hakipaswi kuuzwa kwa watu wa hapa. Tukiongeza tabia yetu ya kununua antibiotiki dukani bila cheti cha daktari, picha ya bakteria huvurugika hata kabla sampuli haijafika maabara.

Pili, tuna saratani yetu inayongoja utafiti wa aina hii. Ukanda wa mashariki ya Afrika una saratani nyingi ya koo la chakula, na katika tafiti zilizofanyika Eldoret, walioathirika walikuwa na meno mabovu zaidi na meno ya rangi ya kahawia, kama yale wanayoyajua watu wa Arusha, na walizoea kunywa chai ya moto sana. Huko Japani, Fusobacterium amepatikana ndani ya uvimbe wa koo la chakula. Haijathibitishwa kwamba kinywa kichafu ndicho kinachowaua watu wa Bonde la Ufa, na mimi sisemi hivyo. Nasema mahali pa kutafuta panajulikana, na mswaki wa kuchukulia sampuli ya kinywani si ghali kama kamera.

Wakati tukisubiri, yapo ambayo msomaji anaweza kuyafanya. Usilipe fedha kwa kipimo cha mtandaoni kinachodai kusoma saratani kutoka kwenye bakteria wa tumbo lako. Ukiona damu kwenye choo, namna yako ya kwenda haja ikibadilika kwa wiki kadhaa, ukipungukiwa damu au uzito bila sababu, nenda hospitali na usikubali kupewa dawa ya bawasiri kabla hujachunguzwa. Na kama wewe au ndugu yako mmelazwa kwa homa isiyoisha au kwa tatizo la vali ya moyo, na damu ikaoteshwa maabara, ombeni kuona jina la bakteria aliyeota. Maabara nyingi bado huandika jina la zamani. Likiwa ni Streptococcus bovis au Streptococcus gallolyticus, muulizeni daktari kolonoskopi itafanyika lini.